Yadi Tatu za Poplini

Januari, shule zimefungwa, na jua la Jinja
halijui likizo.
Saa tano tu lami imekwisha kulainika,
ndala za Oketcho zinaacha alama barabarani
kama muhuri wa posta uliochoka.

Tulitoka Tororo gizani, mwamba nyuma yetu
ungali doa jeusi,
mimi, mwanangu, na mama
aliyevaa gomesi yake ya harusi za watu
kwa safari ya kutwa moja.
Mimi nilikuja kumwonyesha mtoto Nile.
Mama hakusema alichojia.

Barabara Kuu: maghorofa mafupi, nguzo za mviringo,
rangi ya waridi inayobanduka,
na juu, kwenye paji la kila nyumba,
mwaka umechongwa. 1919. 1928.
Mama anasoma kwa kidole na kwa sauti
kama mwalimu anayeita mahudhurio,
na hakuna wa kuitika ila makorongo
waliosimama juu ya mabati
kama mawakili wasio na kesi.

"Bibi, mto uko wapi?"
"Subiri. Kwanza kivuli."

Tukavuka toka kibaraza hadi kibaraza,
katikati tukikimbia, maana jua lile
lilikuwa linachota kwa ndoo.

1934. Akasimama.
"Hapa palikuwa kwa Kantilal.
Nilikuwa natoka zamu kiwandani, nyuzi za pamba kichwani,
mvi za msichana wa miaka kumi na tisa.
Nikachukua yadi tatu za poplini, ya buluu,
kwa daftari. Shilingi kumi na mbili.
Akaandika jina langu vibaya, Nafono,
nami sikumsahihisha.
Redio ikasema siku tisini. Mshahara ukachelewa.
Nilipokuja na pesa nikakuta kufuli,
na paka ndani, dirishani, ananitazama."

Dawa ya deni ni kulipa, husema watu.
Hawasemi dawa hiyo huuzwa wapi
duka likifungwa miaka hamsini na ushei.

Sasa pale wanauza makava ya simu.
Kijana ameielekeza feni usoni mwake,
shati limefunguliwa vifungo vitatu.
Mama akafungua leso, fundo ndani ya fundo:
noti moja ya shilingi kumi, laini kama jani la ndizi lililobabuliwa,
na sarafu mbili.
Kijana akaiinua noti kwenye mwanga.
"Hii haifanyi kazi, jaja."
"Najua. Nimekuomba chenji?"

Nikataka kumshika mkono tuondoke.
Watu wawili walikuwa wanasubiri nyuma yetu
na jasho lilikuwa limenifika magotini.

"Una daftari la wanaodaiwa?"
Analo. Nani hana?
"Andika: Nyafwono. Kwa N, Y, A.
Poplini ya buluu, yadi tatu.
Haya, sasa ukate."
Akaandika. Akakata kwa rula,
mstari mmoja mnyoofu, kijana wa watu,
na ile noti akaibana chini ya kioo cha meza
kando ya picha ya timu yake.

Mama akaketi kwenye ngazi, akanywa soda mbili
bila kupumzika.
"Lile gauni," akasema, "nililivaa miaka minne.
Kila mtu alilisifu.
Lilikuwa linanibana kwapani."

Kisha ikawa saa kumi, kisha basi.
Hatukufika mtoni.
"Mto haukimbii," nikamwambia Oketcho,
kumbe kukimbia ndiyo kazi yake.
Alinuna hadi Magamaga, askrimu imemkaukia kidevuni.
Mama alikuwa amelala, mkoba wazi mapajani,
leso ndani imekunjuliwa, haina fundo.

Tulipopita Iganga akaninong'oneza:
kwa hiyo sasa mimi ninadaiwa mto?
Ndiyo, nikasema.
Andika.